Ngozi Nilivyoivutia Kwangu

Juni ya Iringa haina huruma kwa mtoto asiye na viatu. Mwaka 1991 nilikuwa na watoto 22 uwanjani tangu saa mbili asubuhi, wamejifunga kaniki na njuga miguuni, wakimsubiri mgeni rasmi ambaye ratiba ilisema angefika saa nne. Ngoma tulikuwa tumezikanza kwa moto wa magunzi ya mahindi, ngozi zikakaza, zikalia vizuri hata waliokuwa wanapita barabarani wakasimama. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Upepo wa huku hauna mapumziko. Watoto wakaanza kukumbatiana wawili wawili, na ngozi zikalegea. Tukaokota magunzi mengine, tukakanza tena. Mgeni alifika saa nane kasoro. Mshereheshaji akanijia mbio, akaniinamia sikioni: "Mwalimu, dakika tano tu, mgeni ana safari."

Tulicheza dakika tano. Makofi yakapigwa, jina langu likatajwa kwenye kipaza sauti, wageni wakaingia ofisini kula wali na kuku, kisha magari yakaondoka. Watoto hawakuandaliwa hata uji. Tulipokuwa tunavua njuga, msichana mmoja wa darasa la tano akaniuliza, "Mwalimu, tumekosea wapi?" Alidhani tumekatishwa kwa sababu walicheza vibaya.

Sikuwa na jibu. Wala sikuwa na haki ya kumlaumu mgeni peke yake, maana mimi ndiye niliyekubali yote. Nilikubali kusubiri, nilikubali dakika tano, na jina langu lilipotajwa nilifurahi. Siku ile sikujua kwamba nilikuwa nimeshaanza kosa ambalo ningelirudia kwa miaka mingi: kuongoza ngoma kana kwamba ni mali yangu, na watoto na wazee ni vyombo vyangu vya kuipigia.

Nimestaafu mwaka 2024. Vijana wanaoongoza vikundi vya sanaa Mafinga, Makambako, Tukuyu na Mbeya mjini hunipigia simu kuuliza habari za usajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wafadhili, jinsi ya kuandika andiko la mradi. Ninawajibu. Ila kuna mambo ambayo hawayaulizi, nami ndiyo ninayotamani sana wayajue.

Nilianza ualimu wa shule ya msingi mwaka 1987, katika kijiji kimoja cha Iringa vijijini. Nilipenda kucheza tangu utoto, na baada ya miaka mitatu nikapata nafasi ya mafunzo mafupi Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilikuwa pale tangu 1981, baada ya kile kikundi cha ngoma cha taifa kuvunjwa. Siku hizi tunakiita TaSUBa. Kwa mtu aliyetoka kwenye baridi yetu, Bagamoyo ilikuwa dunia nyingine: joto, minazi, na ngoma toka asubuhi hadi usiku. Pale nilimwona marehemu Hukwe Zawose akipiga ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Mgogo yule alikuwa anapiga muziki wa kwao, kwa lugha ya kwao, na watu wa mataifa mengine wanakaa chini kujifunza. Nilimtazama kwa mshangao, lakini somo lenyewe nililiacha palepale. Nilirudi Iringa na kitu kingine kabisa: nilirudi na sindimba.

Nikawafundisha watoto wa Kihehe sindimba ya Wamakonde. Walikuwa wepesi, wakaijua, tukashinda ngazi ya kata. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa anapita na jembe begani akasimama kwenye uzio, akatazama mazoezi hadi mwisho, akaniamkia kwa heshima zote, "Kamwene, mwalimu," kisha akauliza, "Hii ngoma ni ya akina nani?" Nikamweleza. Akasema, "Ni nzuri. Ya kwetu mtawafundisha lini?"

Nilikuwa nimeisoma hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, ile aliyoitoa Bungeni siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, alipotangaza kuanzisha wizara ya utamaduni. Alisema kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu. Akauliza ni wangapi waliofundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Akasema wengi wanajua kucheza rumba na chachacha, lakini ni wachache waliowahi hata kusikia gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama. Wahehe tulitajwa. Na miaka karibu 30 baadaye, mimi, mwalimu wa Kihehe, nimesimama mbele ya watoto wa Kihehe na sijui wimbo mmoja wa bibi zao wa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sindimba haina kosa, na mtoto wa Iringa ana haki ya kuijua, kama mtoto wa Newala alivyo na haki ya kuijua kiduo. Kosa ni kwamba hatua 300 kutoka shuleni aliishi bibi aliyekuwa akiimbisha kijiji kizima, na hakuna mwalimu aliyewahi kumkaribisha ndani ya lango.

Nilikwenda kwake na nusu kilo ya sukari. Alinisikiliza, akanikatalia kuja shuleni. Akasema watoto waje kwake siku atakapokuwa anapukuchua mahindi. Nikawapeleka, kumi na wanane kwa siku ile. Aliwaketisha kwenye mkeka, akawapa kila mmoja gunzi la mahindi, akaanza kuimba akipukuchua. Hakusema "rudieni." Aliimba tu, na aliponyamaza alisubiri. Watoto wakagundua wenyewe kwamba pale ndipo pao. Wiki ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili, na ya tatu. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyegusa ngoma. Mimi nilikuwa nimezoea kuandika ubaoni: kulia mbili, kushoto mbili, inama, zunguka. Mashindano yalikuwa yanakaribia, nikamwambia, "Bibi, muda unatuishia, tuwafundishe miguu." Akanijibu bila kuacha kupukuchua: "Miguu watafundishwa na maneno, mwanangu. Wewe ngoja."

Wiki ya nne akawaambia wasimame. Akampitia mtoto mmoja mmoja, akamwekea kiganja mgongoni, chini kidogo ya shingo, akaimba mstari mmoja. Pale neno lilipobeba uzito, kiganja kilibonyea, na mtoto aliteremka. Hakuhesabu moja wala mbili. Nilijaribu kuhesabu mimi moyoni, nikapotea, kwa sababu mstari wa tatu ulikuwa mrefu kuliko wa pili na watoto waliufuata bila shida yoyote. Hadi leo nikifundisha mtu kucheza ninaanza na koo.

Tulikwenda wilayani, tukasifiwa sana. Lori lilikuwa na nafasi ya wanafunzi na walimu wawili. Bibi hakuwa na nafasi. Aliyesoma matokeo alisema "chini ya mwalimu," akataja jina langu. Nilipomrudishia habari, alipiga vigelegele kwa furaha ya kweli, na mimi nikampa kilo moja ya sukari. Hakuwahi kupanda jukwaa lolote na watoto wale. Alifariki nikiwa nimeshahama.

Mwaka 1994 nilihamia Rungwe kumfuata mume wangu. Rungwe ni mvua, migomba na ukungu, na mtu wa Iringa akifika pale anaona kila kitu ni kijani mpaka macho yanachoka. Nilikuwa mgeni, sijui Kinyakyusa zaidi ya ndaga, yaani asante, na safari hii sikuthubutu kufundisha ngoma ya mtu bila kumuuliza. Nikaanza kwa kutafuta fundi wa ngoma, maana za shule zilikuwa zimepasuka.

Nyumbani kwa fundi yule ndipo nilipoielewa methali niliyokuwa nikiifundisha darasani kwa miaka saba. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba maana yake ni kila mtu hupendelea upande wake, basi. Fundi alikuwa ameloweka ngozi ya ng'ombe usiku kucha. Aliitandika juu ya mzinga wa gogo, akapigilia kigingi kimoja upande wake, kisha akazunguka na kupigilia cha pili upande wa pili kabisa, cha tatu kulia, cha nne kushoto. Kila kigingi kilikuwa na mwenzake wa kumkabili. Akanikaribisha nishike upande mmoja. Nikavuta kwa nguvu zangu zote nikitaka kumwonyesha kwamba mwalimu mwanamke naye anaweza. Akasimamisha nyundo. "Mwalimu, unaila ngozi. Unaivuta yote kwako." Akang'oa vigingi vinne tulivyokwisha kuvipiga, akalainisha ngozi kwa maji, tukaanza upya.

Nikamuuliza ingekuwaje kama angeiacha vile. Akaniletea ngoma moja kuukuu iliyokuwa imeegemezwa jikoni. Upande mmoja ukiipiga ilitoa mlio mkavu kama debe; upande wa pili ilinguruma kizito, kama inayotoka ndani ya maji. "Hii aliiwamba kijana wangu," akasema. "Haiharibiki leo. Itakuja kupasuka siku ya moto." Ngozi iliyovutwa upande mmoja haimudu kukanzwa, maana moto unakaza pale palipokwisha kukazwa mno.

Nimekuwa katika vikundi vingi tangu wakati ule, na nimeona vikipasuka kwa namna ileile. Vilipasuka fedha zilipokuja, au mwaliko mkubwa ulipokuja, siku ambayo kila mtu alitaka kujua nani amevuta kiasi gani. Katika shida vilishikamana.

Rungwe ilinifundisha na jambo la kanisa, ambalo viongozi wengi wa sanaa wanalikwepa. Wamoraviani walifika kule mwaka 1891, na kwa vizazi kadhaa Mkristo kucheza ngoma lilikuwa jambo la kuitwa mbele ya wazee wa kanisa. Nilipoanza mazoezi ya ing'oma, ngoma ya Wanyakyusa, na wanafunzi, mchungaji mmoja aliniita. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kubishana. Badala yake nikamwomba aje mazoezini. Alikuja, akaketi na wazee wawili waliokuwa wakiwafundisha watoto, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza maana ya wimbo mmoja mmoja, mstari kwa mstari. Mzee akamweleza: huu ni wa kumsifu mama mzazi, huu wa ng'ombe, huu wa mvua. Walipofika kwenye wimbo wa mwisho mzee akasita, akacheka, akasema, "Huu mchungaji ameukamata. Huu ni wa watu wazima kwenye pombe, watoto wasiuimbe." Tukautoa. Mchungaji hakutusumbua tena, na mwaka uliofuata alituomba tucheze siku ya mavuno ya kanisa. Naye alikuwa na haki ya kuuhoji wimbo ule. Ningemwona adui tangu mwanzo, ningeendelea kuwaimbisha watoto matusi nisiyoyaelewa.

Nilijiendeleza, nikawa mwalimu wa sekondari, na mwaka 2003 tukarudi Iringa, safari hii upande wa Mufindi. Huko ndiko nilikokutana na TUSEME. Mpango huo ulianza 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kazi ya akina Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, wanawake ambao walikuwa wameshatumia miaka mingi kupeleka sanaa za maonyesho vijijini ili watu wazungumze matatizo yao wenyewe. Msingi wake ni mwepesi kuuelewa na mgumu kuutii: wasichana wenyewe ndio wanaochagua tatizo, wao ndio wanaolichambua, wao ndio wanaolitungia igizo, ngoma na wimbo, na baada ya onyesho watazamaji wanajadili hadi wafikie la kufanya. Mwalimu ni mlezi. Mwenye kalamu si yeye.

Mimi nilitaka igizo la mimba za wanafunzi. Nilijua ndilo wageni wanalolipenda, na igizo nilikuwa nalo tayari kichwani. Wasichana kumi na wanne wakakaa bila mimi siku mbili, wakarudi na jambo jingine: wenzao wanaopelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Anayeishi huku haitaji kuelezwa. Kwa miaka na miaka, msichana wa kazi wa nyumba za Dar ametoka Iringa, na watu wameizoea habari hiyo kama wanavyozoea mahindi kupelekwa sokoni. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alikuwa hajarudi baada ya likizo, na hakuna mtu mzima aliyekuwa ameuliza kwa sauti.

Walicheza kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mmoja wao aliigiza yule "mama mdogo wa mjini" anayekuja na khanga mpya na maneno matamu. Alipofika mahali pa kumpa mzazi noti mbili mkononi, mama mmoja katikati ya watazamaji akasimama. Alikuwa amejifunga kitenge, mtoto mgongoni. Akasema, "Huyo mama ni mimi. Mwanangu nilimtoa mimi." Kisha akanyamaza, amesimama vilevile.

Uwanja mzima ukanyamaza. Yule binti mwenye khanga hakujua aendelee au aache. Mimi nikapiga hatua kwenda mbele; nilitaka kuanzisha wimbo, nifunge, nimfunike yule mama asiaibike, na labda nijifunike na mimi. Mwalimu mwenzangu akanishika mkono. Tukasubiri. Nadhani zilipita dakika mbili, na sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Halafu bibi mmoja aliyekuwa ameketi chini akamwambia yule mama, "Kaa, mwanangu. Na mimi nilimtoa wangu." Baada yake akazungumza baba mmoja, na mwingine. Mjadala ulikwenda hadi giza likaingia. Mwenyekiti wa kijiji aliliweka jambo lile kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wakakubaliana kwamba mtoto yeyote anayeondoka kwenda mjini, mwenyekiti wa kitongoji aandike anakokwenda, kwa nani, na namba ya simu. Yule wa kidato cha pili alirudishwa. Nilimpokea mwenyewe stendi ya Mafinga, amekonda, ameshika mfuko mmoja wa plastiki. Wasichana bado wanaondoka hadi leo, na sitaki kumdanganya mtu kwamba igizo moja lilimaliza biashara ile. Lakini yule mmoja alimaliza kidato cha nne. Nikikumbuka kwamba ningeshinda siku ile, yaani kama igizo langu la mimba lingechezwa, asingetafutwa na mtu, moyo unaniuma hata sasa.

Miaka hiyohiyo nilikuwa na kikundi cha vijana walio nje ya shule. Shirika moja likatuajiri kutoa elimu ya UKIMWI kwenye vituo vya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia: Ilula, Ipogolo, Mafinga, Makambako, mahali ambapo malori hulala. Ugonjwa huu umetuumiza sana nyanda za juu kusini, na bado. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, kati ya watu wazima, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa 4.4. Kwa hiyo sidharau kazi ile hata kidogo. Niliwaona madereva wakishuka kwenye malori kwa sababu ya ngoma na kuishia ndani ya hema la kupimia. Ngoma ilifanya kile ambacho spika za gari la matangazo hazikuweza.

Tatizo letu lilikuwa jingine. Posho ilikuwa 10,000 kwa onyesho, kikundi kikakua kutoka vijana 9 hadi 24 ndani ya mwaka mmoja. Ujumbe uliletwa umeandikwa tayari, na sisi tukaupachika kwenye nyimbo za mavuno, tukabadili maneno. Mazoezi yasiyo na posho yakaanza kukosa watu. Wazee waliotufundisha nyimbo hawakuwa kwenye orodha ya posho, maana fomu ilikuwa na safu ya "msanii" na safu ya "mratibu" tu, na mratibu nilikuwa mimi. Mwaka 2009 mradi ulifungwa. Miezi mitatu ya mwisho hatukulipwa, na simu zikawa hazipokelewi. Siku ya moto ilikuwa imefika. Vijana walidhani fedha ninazo mimi, kwa sababu saini zote zilikuwa zangu. Walibaki saba.

Nilikaa na wale saba chini ya mti wa mwarobaini, nikawafungulia daftari lote, karatasi kwa karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaonyesha. Mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, ungetuonyesha mwanzoni tungekuwa wengi leo." Tangu siku ile daftari la fedha hukaa kwa mwanakikundi anayechaguliwa kila mwaka, husomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi, na mzee anayefundisha huandikwa mstari wa kwanza kabla ya mchezaji yeyote. Kiongozi anaandikwa wa mwisho.

Daftari hilohilo ndilo lililotufungulia mlango wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2019 vijana wetu walipeleka maombi, wakaambiwa ngoma ni burudani, si mradi. Walete ufugaji wa kuku. Wengine walitaka kuandika kuku kweli, wapate fedha, waendelee na ngoma kimyakimya. Nilikataa, na nilikataa kwa hasira. Mtu akidanganya kwamba yeye ni mfugaji ili apate haki yake kama msanii, ameshakubali kwamba sanaa haina haki.

Badala yake wakaandika kila kitu. Mahafali mangapi wamecheza, mwezi gani. Kwenye sherehe za kuagwa bibi harusi wanalipwa kiasi gani, na usafiri wa gari la Noah ni kiasi gani. Ngozi moja inadumu misimu mingapi, njuga zinagharimu nini. Walirudi ofisini mara ya pili, wakaambiwa wasubiri. Mara ya tatu walikwenda na daftari lenye mapato ya miezi kumi na moja, na afisa yuleyule akalisoma kwa muda mrefu, akauliza, "Hizi zote ni za ngoma?" Walipata mkopo, wakaurejesha kwa miezi 14. Wapo wanaoamini kwamba kutetea sanaa ni kutoa hotuba nzuri Siku ya Dansi Duniani kila tarehe 29 Aprili. Hotuba ziwepo. Lakini afisa anayegawa fedha anahitaji namba, na ni juu yetu kuzileta.

Kuhusu wageni rasmi, kikundi kina utaratibu wake sasa na kinaujulisha kwa barua mapema. Saa iliyoandikwa ndiyo ya kuanzia. Watoto hula kabla ya kucheza, na mwenye shughuli ndiye anayewalisha. Viti vya mbele vya upande wa kulia ni vya wazee walioleta wimbo. Mara mbili tumenyimwa kazi kwa sababu ya barua hiyo. Mwaka juzi mgeni mmoja alichelewa saa nzima akatukuta katikati ya wimbo wa pili. Aliketi kimya, akatazama hadi mwisho, na baadaye akamfuata mzee wetu mmoja kumsalimia kwa shikamoo na kumuuliza maana ya maneno. Sikuwahi kuona hilo likitokea kwa wale niliowasubiri kwa saa nne.

Kazi niliyo nayo sasa ni moja. Somo la Sanaa na Michezo limo kwenye ratiba za shule za msingi, na walimu vijana wananieleza wazi kwamba kipindi kikifika wanatoa mpira. Siwalaumu, hakuna aliyewafundisha. Wakati huohuo, wanaojua wako hatua mia tatu kutoka langoni, kama ilivyokuwa 1990. Ninaomba shule tatu za kata yetu ziruhusiwe kumwalika mzee mmoja kwa wiki, aingie darasani kama fundi anayetambuliwa, jina lake liandikwe kwenye ratiba, alipwe 15,000 kwa kipindi. Nimepewa majibu ya kila aina. Hana cheti. Hana fungu. Atalipwa kwa kasma ipi, yaani kifungu kipi cha bajeti? Nimeuliza kama chokaa ya kuchorea uwanja wa mpira ina kasma, nikaambiwa ipo. Nikaomba nionyeshwe ilipoandikwa, ili nijue na hii iandikwe wapi.

Barua ya tatu niliipeleka wiki iliyopita, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mkwe wa yule bibi wa mahindi, ambaye sasa naye ana wajukuu, hajui habari za kasma. Jumamosi alifika mazoezini kabla ya vijana wote, akaweka kigoda chake pale pale anapokaa siku zote, akaigonga ngoma kubwa kwa vidole vitatu kusikiliza ngozi, kisha akaniuliza kama magunzi yapo.